Vidole Kumi na Kimoja Vilivyounguzwa na Maji ya Bomba

Ulipita pale, ndugu msomaji. Usiseme hukupita. Kwa watu wa upande ule njia ya kwenda sokoni Chikongola ni hiyo hiyo moja, na wewe huna mabawa. Ulimwona mama amekaa juu ya kreti la soda, ng'ambo ya uzio wa shule, mbele yake bilauri sita na sufuria ya choya, maji mekundu ya maua ya kuchemsha. Ukageuza uso. Ukasema moyoni, muuza sharubati huyo. Ukakanyaga pedeli.

Haya, leo hukanyagi pedeli. Kaa usome.

Saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi. Bi Halima Mchopa, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, anamimina choya kwenye bilauri moja moja, sawasawa. Wanafunzi wanane wa Shule ya Sekondari Namkwale wamechuchumaa kumzunguka, madaftari magotini. Kengele itagonga saa moja. Bilauri ya kwanza anaikamulia ndimu. Ya pili anaitia maji ya magadi. Ya tatu anaitia kitu kutoka kwenye kichupa na hasemi ni nini.

"Umeona nini ile ya pili?" anamwuliza mvulana mmoja wa kidato cha pili.

"Imekuwa kijani, Bi Halima."

"Kijani wapi!" anadakia mwenzake. "Rangi ya dimbwi hiyo."

"Dimbwi gani, la uani kwenu?" anasema wa tatu, na wote wanaangua kicheko.

"Kila mtu aandike alichokiona yeye," anasema Bi Halima. "Uliyeona dimbwi, andika dimbwi. Halafu mniambie ya tatu nimetia nini. Na mniambie mmejuaje."

"Kitabu kinasemaje, Bi Halima?"

"Kitabu kimo mkobani mwako, mwanangu. Hakijaiona bilauri hii. Wewe umeiona."

Mwanamume mmoja anasimamisha baiskeli. "Mama, bilauri senti ngapi?"

"Haiuzwi, baba. Hii ya kuulizwa maswali."

Mwanamume anatikisa kichwa, anakwenda zake. Labda alikuwa wewe.

Kengele inagonga. Watoto wanavuka barabara mbio, wanaingia ndani. Bi Halima anabaki nje. Ni wiki ya tano sasa haruhusiwi kupita lango ambalo amelipita miaka minane. Yeye ndiye mhudumu wa maabara wa shule ile. Amesimamishwa kazi, na Jumamosi hii Bodi ya Shule inakaa kuamua kama afukuzwe kabisa.

Kosa lake ni kwamba alikunywa maji.

Soma tena kama hukuamini. Alikunywa maji.

Bi Halima ni mzaliwa wa Mikindani. Alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa, akafiwa na mume. Mwaka 1966 shule ilipofunguliwa aliajiriwa kufagia. Alipewa na kazi ya kuosha vyombo vya kioo vya maabara, kwa sababu wanaume walioombwa walisema kuosha vyombo si kazi yao.

Akawa anaosha, na huku anatazama. Mwalimu wa sayansi wakati ule alikuwa kijana wa Kigoma, Mwalimu Danieli, aliyewaachia wanafunzi washike, wachemshe, wakosee, wavunje. Bi Halima alisimama nyuma ya darasa na kitambaa chake. Danieli akamwona anavyotazama, akamfundisha kusoma vibandiko, kupima, kuchanganya bila kujiunguza. Akaandika barua ya kumwombea, naye akapandishwa kutoka mfagizi kuwa mhudumu. Mshahara wake ni shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi. Tangu asimamishwe anapata nusu, na nusu hiyo inamlisha yeye, mama yake mzazi na watoto wawili.

"Mwalimu Danieli alinikuta naijua kazi yake nusu," anasema Bi Halima, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza. "Sisi kwetu tunapanda muhogo mchungu na mtamu. Mama yangu haweki muhogo chunguni mpaka aume ncha, aonje, ateme. Kila mmoja. Shamba lile lile, tuta lile lile. Nilipokuwa mtoto nikamwuliza, mama, si ulionja jana? Akaniambia, jana nilionja wa jana."

Isome hiyo, wewe mwenye cheti ukutani. Mwanamke wa Mikindani asiyejua a wala be alilijua hilo kabla hujazaliwa: jina la shamba si ushahidi. Kila muhogo una kesi yake.

Mwaka 1970 Mwalimu Danieli alihamishwa. Akaja Mkuu wa Shule mpya, mtu wa nidhamu, mtu wa tai. Kitu cha kwanza alichofanya ni kununua kufuli. Vyombo vya kioo vikaingia kabatini, kufuli likaingia kwenye pete, ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Vinavunjika, alisema. Ni mali ya taifa.

Tangu hapo majaribio yakafanywa kwa chaki. Mwalimu anachora chupa ubaoni, anachora mwali wa moto, anaandika matokeo, watoto wananakili. Na wanafunzi, ambao si wajinga, wakagundua kwamba hata kumsubiri mwalimu si lazima. Madaftari ya waliotangulia yapo. Kaka anamrithisha mdogo wake, jirani anamkodisha jirani kwa maandazi mawili. Jaribio la mwaka 1969 likawa la 1971, likawa la 1973. Wanabadilisha jina na tarehe tu.

Kila Ijumaa Bi Halima aliitwa, akafunguliwa kabati, akaosha vyombo, akafungiwa.

"Umewahi kuosha sahani ambayo hakuna aliyeilia?" anauliza. "Mimi nimeosha miaka minne."

Na wewe mzazi uliyeona maksi nzuri kwenye ripoti, ulimwuliza mwanao hata siku moja ameshika nini kwa mkono wake? Hukumwuliza. Uliona tisini, ukafurahi, ukamnunulia viatu.

Mwaka jana asidi iliyobaki ilikauka chupani. Haikuagizwa nyingine, kwani ya nini? Halafu mwezi wa Januari mwaka huu ikaja barua kwamba Mkaguzi wa Shule anakuja. Mkuu wa Shule alimwita Bi Halima, akamwonyesha chupa tupu zenye vibandiko.

"Jaza maji," alimwambia. "Mkaguzi haonji."

"Nikajaza," anasema Bi Halima. Hakwepeshi macho. "Nilijaza kwa mkono huu. Watoto wangu wanakula, mama yangu mgonjwa, nikajaza. Hilo ndilo kosa langu, na ajabu yake hilo halimo kwenye barua yao."

Mkaguzi alifika siku ya Jumatano. Alikuwa mtu mcheshi. Alilisifu kabati. Mkuu wa Shule akaanza kumwelekeza kwenye chai. Mkaguzi akasema la, kwanza angependa kuwaona vijana wa kidato cha pili wakifanya jaribio, dogo tu, lile la asidi na karatasi ya litmasi.

Karatasi hiyo ni ya bluu. Ukiichovya kwenye asidi inageuka nyekundu. Ukiichovya kwenye maji matupu inatoka kama ilivyoingia, bluu, imelowa basi.

Darasani walikuwa wanafunzi thelathini na saba. Mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Elia, aligawa maji yale kwenye vyombo kwa jina la asidi. Watoto wakachovya. Bi Halima alikuwa amesimama mahali pake, nyuma, na kitambaa mkononi.

"Nikaona karatasi thelathini na saba, zote bluu," anasema. "Nikasema haya, aibu imefika, sasa watauliza. Nikasubiri mkono unyooke. Mkono haukunyooka. Nikasikia kalamu tu, kwaru, kwaru, kwaru, zinaandika."

Mkaguzi alikusanya madaftari, akasoma. Thelathini na sita waliandika kwamba karatasi iligeuka nyekundu.

Karatasi ipo mbele yako, mtoto wangu. Ni bluu. Iko mkononi mwako inadondosha maji. Na wewe unaandika nyekundu.

Subiri, haijaisha. Mkaguzi akasoma kwenye daftari moja: "Tone la asidi lilinidondokea kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, kikaungua kidogo." Akasoma la pili. Kidole gumba cha kushoto, kimeungua kidogo. La tatu hivyo hivyo. Vidole gumba kumi na kimoja, vyote vya kushoto, vyote vimeungua kidogo, vimeunguzwa na maji ya bomba.

Unacheka? Mimi sikucheka. Mwaka 1969 alikuwapo mwanafunzi anaitwa Josephu. Huyo aliungua kweli, kidole kile kile, akaandika kweli alichokiona kama Mwalimu Danieli alivyomfundisha. Siku hizi yuko bandarini anahesabu magunia ya korosho, kidole kimepona zamani. Lakini kwenye madaftari ya Namkwale kinaungua kila mwaka. Ukweli wa Josephu umenakiliwa mpaka umekuwa uongo.

Naye Mkaguzi, msomi, mwenye miwani, alisema nini? Alimgeukia Mkuu wa Shule: "Vijana wachangamfu, Ndugu Mkuu. Lakini wafundishwe tahadhari, wanajiunguza sana."

Daftari moja lilibaki. La Zainabu Rashidi, binti wa miaka kumi na mitano kutoka kijiji kimoja cha wakulima kupita Naliendele. Huyu hana kaka aliyemtangulia shuleni. Hakuwa na daftari la kurithi. Aliandika sentensi tatu: "Karatasi ilikuwa bluu. Imebaki bluu. Sijui kwa nini."

Mwalimu Elia akachukua kalamu nyekundu, mbele ya mgeni, akampa sifuri.

"Wewe una macho gani?" alimwuliza.

Darasa zima likacheka. "Kipofu huyo!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mwalimu," Zainabu akasema kwa sauti ya chini, "si uiangalie?" Akamnyooshea karatasi.

Mwalimu Elia hakuiangalia.

Hapo ndipo Bi Halima alipoweka kitambaa chini. Alipita katikati ya madawati, akafika mezani, akashika ile chupa kubwa yenye kibandiko cha asidi, akamimina chombo kizima, akanywa. Watoto walipiga mayowe. Mkaguzi aliruka, kiti kikaanguka. Mkuu wa Shule alimrukia kumnyang'anya, akachelewa.

Bi Halima alijifuta mdomo. "Maji ya bomba, Ndugu Mkaguzi," alisema. "Ya juzi. Mtoto huyu kaona sawasawa."

Kisha akawageukia watoto, na hili nataka liandikwe kama alivyolisema, maana wapo wanaomsingizia kwamba amewafundisha watoto kunywa sumu. "Na nyinyi msije mkaonja kitu cha maabara hata siku moja. Mimi nimekunywa kwa kuwa nilijaza mwenyewe. Ninajua. Nyinyi hamjui, ndiyo maana mmepewa karatasi."

Siku ya tatu alipewa barua. Ina mashtaka matatu. La kwanza, kumfedhehesha Mkuu wa Shule mbele ya mgeni wa serikali. La pili, kunywa kemikali, mali ya shule, bila kibali. La tatu, kufundisha bila cheti.

Tazama lile la pili. Kama ilikuwa kemikali, mama huyu angekuwa kaburini, na Bodi ingekuwa inakaa na sanda. Kama yuko hai na anatafuna mihogo yake, basi ilikuwa maji, na anayestahili barua ni aliyeyaita asidi. Hakuna njia ya tatu. Lakini wakubwa wanataka yawe asidi kwenye kibandiko na maji kwenye utumbo, na wewe uliyesoma unawaachia.

Hili si geni kwetu. Sisi watu wa Mtwara tuna kumbukumbu, au tulikuwa nayo. Baada ya vita ya pili walikuja Waingereza na matrekta kulima karanga Nachingwea. Walikuwa na karatasi nzuri, zenye ramani na hesabu. Wakachimba bandari, wakalaza reli. Udongo na mvua hawakuvipima vya kutosha, na wakulima waliovijua hawakuulizwa. Karanga zikakataa. Wale waliobeba mataruma ya reli mabegani kwenda kuyalaza, wengine ndio walioyabeba tena yalipong'olewa. Tukawacheka Wazungu. Tukasema, sisi tukijitawala hatutaamini karatasi kuliko ardhi.

Tumejitawala. Mwaka 1967 tukaimba Elimu ya Kujitegemea, tukacheza na ngoma. Kujitegemea ni nini kama si kuyategemea macho yako mwenyewe? Shule ya Namkwale ina bustani ya mchicha na ina mabanda ya kuku, kwa hiyo kwenye taarifa inajitegemea. Ndani ya kabati kuna kufuli.

Mtoto anayeona bluu akaandika nyekundu hatabaki mtoto. Ndiye atakayekuwa mganga kwenye zahanati yako, achukue chupa, asome kibandiko, akuchome sindano. Ndiye bwana shamba atakayekuja kukuambia mikorosho yako ni mizima kwa sababu kitabu kimesema, huku wewe unaona majani yanakauka. Ukimwambia tazama, hatatazama. Alifundishwa na nani kutazama?

Mwalimu Elia alikubali kuzungumza, mlangoni kwake, bila kukaribisha kiti. Ni mtu wa Iringa, amechoka, ana vipindi thelathini na vinne kwa wiki.

"Wewe unaandika gazetini, ni rahisi," alisema. "Mimi nina mtihani wa taifa. Mtihani unauliza litmasi inageuka rangi gani. Hauulizi Zainabu aliona nini."

Alipoulizwa kama alijua zile chupa zina nini, aliurudisha mlango nyuma yake. "Nilijua hatujaletewa asidi tangu mwaka jana," akasema. "Nina mke na watoto. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Swali zuri, Mwalimu. Mwenzako mwenye watoto na mama mgonjwa, wa darasa la nne, amelijibu.

Mkuu wa Shule alijibu kwa kifupi, amesimama. "Yule ni mfagizi. Tangu lini mfagizi akafundisha sayansi? Leo akinywa kemikali, kesho watoto watavunja kabati. Nidhamu ikiondoka shule imekwisha."

Mkaguzi aliondoka jioni ile ile na Landrova. Taarifa yake haijaonekana. Sifuri ya Zainabu bado ipo.

Bi Halima haombi pensheni wala radhi. Anataka kurudi, na ana mpango, ameuandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya kufungia sukari. Kabati liwe wazi siku za vipindi. Madaftari ya zamani yawekwe rafuni, mwanafunzi akimaliza jaribio lake ndipo aende kulinganisha. Na mara moja kila muhula, chupa moja iwekewe kibandiko cha uongo makusudi, na watoto waambiwe kabla.

"Waambiwe, humu chupa moja inasema uongo, itafuteni kwa karatasi, si kwa ulimi," anasema. "Mtoto akishaikamata moja, hutamdanganya tena kirahisi. Wala mwalimu. Wala mkubwa." Anaikunja karatasi ya sukari. "Wala mimi, maana na mimi niliwajazia maji."

Bodi inakaa Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye bwalo la shule. Mzazi yeyote ana haki ya kuingia na kusema, mradi ameandikisha jina kwa karani wa shule kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Shule ina wanafunzi mia mbili na themanini. Mpaka jana asubuhi yalikuwa yameandikishwa majina matatu: fundi cherehani mmoja, mama mmoja muuza samaki na mchukuzi wa bandarini.

Nilikwenda kumtafuta baba yake Zainabu, Rashidi bin Hassani, mkulima wa korosho na mihogo. Nilikwenda na hasira, kwa kuwa hata jina lake halikuwamo. Nilimkuta anafagia majani kwa reki chini ya mikorosho. Nikamwambia mwanao kapewa sifuri kwa kusema kweli, na wewe umekaa unafagia majani.

"Bwana mwandishi," alisema, "mimi sijui kusoma. Mwalimu ananiambia mwanao mwongo, mwanangu ananiambia mwalimu mwongo. Nishike la nani?"

Nikamweleza yote, kuanzia kwenye chupa mpaka kwenye barua. Alisikiliza, mkono juu ya mpini wa reki. Halafu akauliza, "Umesema majina matatu. Wale wenye kusoma, wenye kazi za ofisini pale mjini, watoto wao hawasomi hapo?"

Nikasema wanasoma.

"Majina yao yamo?"

Nikasema hayamo.

Aliegemeza reki kwenye mti, akaingia ndani, akatoka amevaa shati safi. Akatembea na miguu yake mpaka Namkwale, jua la saa saba. Karani alimwandikia jina la nne, kwa sababu mwenyewe hawezi kuliandika.

Wewe unaweza. Leo ni Jumatano, gazeti limo mkononi mwako, na ofisi ya karani inafungwa saa tisa na nusu. Kesho saa sita mchana orodha inafungwa, na Jumamosi Bi Halima anasimama mbele ya watu tisa wenye tai. Likunje gazeti hili, inuka hapo ulipo, nenda ukaandike jina la tano.